KUHIFADHI MATOLEO YA PROGRAMU: MAELEZO KWA MTUNGA PROGRAMU ANAYEANZA

Katika miaka ya karibuni wanafunzi wengi wa lugha wamelazimika kujifunza kazi ambayo wengi wa walimu wao hawakuijua, nayo ni kutunga programu za kompyuta. Mmoja hutaka kuhesabu maneno yaliyomo katika magazeti. Wa pili hutaka kupanga vidahizo vya kamusi. Wa tatu hutaka mashine itenge viambishi vya vitenzi. Kazi ya namna hii aghalabu hufanywa na mtu mmoja, pasipo fundi wa kumwongoza, na hatari yake kubwa si ugumu wa lugha ya kompyuta bali ni kupotea kwa kazi yenyewe. Programu iliyofanya kazi vizuri Jumatatu huharibika Alhamisi, na mwenyewe hawezi kusema ni badiliko gani lililoiharibu, wala hana njia ya kuirudia ile ya Jumatatu.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi matoleo ya programu yanavyohifadhiwa, na hasa kwa kutumia Git, ambayo ndiyo programu ya kazi hiyo inayotumiwa zaidi ulimwenguni hivi sasa. Yatachunguza pia jambo la lugha. Sehemu kubwa ya hasara wanayopata wanaoanza hutokana na kuyachanganya matendo manne yaliyo mbalimbali, na neno moja la Kiswahili, kuhifadhi, linayafunika yote manne.

1. Neno moja, matendo manne

Kitenzi kuhifadhi kina asili ya Kiarabu, nacho hubeba maana zinazokaribiana: kulinda kitu kisidhurike, kukiweka mahali pa salama, na kukitia moyoni, kama mtu ahifadhivyo Kurani. Programu za kompyuta zilipoanza kutafsiriwa kwa Kiswahili, neno hilo lilipewa kitendo cha kubonyeza ili maandishi yabaki ndani ya mashine. Uchaguzi huo haukuwa mbaya, lakini unaahidi mengi kuliko yanayotendeka. Mwanafunzi akiisha kubonyeza Hifadhi, huamini kwamba kazi yake imelindwa, maana ndivyo neno lisemavyo. Kumbe kitendo kile huandika maandishi mapya mahali pa yale ya zamani, na ya zamani hayaonekani tena. Kwa hiyo kinachohifadhiwa ni hali ya sasa tu. Hali ya jana imefutwa kwa kitendo hicho hicho.

Yafaa, basi, matendo haya manne yatengwe.

La kwanza ni kuandika diskini, yaani kubonyeza Hifadhi kama ilivyoelezwa. Faida yake ni kwamba umeme ukikatika, maandishi hayatapotea.

La pili ni kutia toleo. Hapa hali nzima ya kazi kwa wakati fulani huwekwa ghalani pamoja na jina la aliyeiweka, tarehe, na maelezo ya badiliko. Hali hiyo hubaki vile vile hata kama kazi itaendelea kubadilika. Kwa kitenzi hiki yafaa kutumia kutia, kama katika kutia sahihi, kwa sababu mwenye kutenda hivyo anakubali kwamba kazi imefika hatua inayostahili kukumbukwa.

La tatu ni kuweka akiba, yaani kuwa na nakala ya kazi mahali pengine, ili kompyuta ikiibiwa au ikiungua, kazi isiangamie pamoja nayo.

La nne ni kutangaza, yaani kuwapa watu wengine ruhusa ya kuiona kazi na kuitumia.

Mtu aweza kutenda moja bila ya mengine. Mwenye kutia matoleo mia katika kompyuta moja tu hana akiba. Mwenye kunakili folda yake kila juma katika diski ya nje anayo akiba, lakini hana maelezo ya matoleo. Na mwenye kuiweka kazi yake katika intaneti kwa siri ana akiba ya mbali, ilhali hajatangaza lolote.

2. Desturi ya kunakili faili

Kabla ya kujifunza njia nyingine, karibu kila anayeanza hubuni njia yake mwenyewe. Hunakili faili na kulipa jina jipya, na baada ya mwezi folda yake huwa na mafaili yenye majina haya: kitenzi, kitenzi2, kitenzi_mpya, kitenzi_mwisho, kitenzi_mwisho_kabisa. Njia hii haifai kudharauliwa, kwa kuwa ni afadhali kuliko kukosa njia yoyote. Lakini ina kasoro tatu.

Kwanza, majina hayasemi kipi kimebadilika. Mafaili mawili yenye mistari 800 kila moja yaweza kutofautiana kwa herufi moja tu, na jicho haliwezi kuiona. Pili, majina hayasemi sababu ya badiliko, na sababu ndiyo inayosahauliwa upesi kuliko yote. Tatu, programu mara chache huwa faili moja. Huwa mafaili mengi yanayotegemeana, na kitenzi_mpya huenda hakipatani tena na orodha ya maneno iliyotumiwa na kitenzi2. Anayelirudisha faili moja la zamani kati ya mafaili mapya huzidisha uharibifu badala ya kuuondoa.

Wenye kusoma miswada ya Kiswahili wanalifahamu tatizo hili. Nakala mbili za utenzi mmoja zikitofautiana katika beti kadhaa, mhariri hutaka kujua ni nani aliyenakili, lini, na kutoka nakala ipi. Katika tenzi nyingi za kale mtunzi hutaja mwishoni jina lake, tarehe ya kumaliza, na pengine idadi ya beti. Idadi hiyo ina kazi: msomaji akihesabu na kuona upungufu, hujua kwamba ubeti umeanguka njiani. Mambo yanayotakiwa katika toleo la programu ni yayo hayo, yaani jina, tarehe, sababu, na alama ya kuthibitisha kwamba hakuna kilichopungua wala kuongezwa.

Kamusi nazo hutoa mfano, ila wa namna nyingine. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1981, ikatolewa toleo la pili mwaka 2004 na la tatu mwaka 2013. Anayelinganisha vitabu hivyo aweza kuona kwamba kidahizo fulani kimeongezwa au maana fulani imerekebishwa. Lakini kitabu peke yake hakimwambii kilifanyika siku gani, na nani, wala kwa hoja gani. Toleo la kitabu ni kituo kimoja baada ya safari ya miaka. Toleo la programu ni hatua moja ya mguu. Mwanafunzi aliyezoea neno toleo kwa maana ya kitabu hungoja mpaka kazi imalizike ndipo atie toleo, naye kwa kungoja huko huikosa faida yote.

3. Chanzo cha njia hizi

Haja ya kutunza matoleo iliwapata watunga programu mapema. Mwaka 1972 Marc Rochkind, aliyekuwa akifanya kazi Bell Labs huko Marekani, alianza kutunga SCCS, ambayo huhesabiwa kuwa miongoni mwa programu za kwanza za namna hii. Haikuandika faili zima upya kila mara; iliweka tofauti tu kati ya toleo moja na jingine, maana nafasi katika mashine za wakati ule ilikuwa ghali. Mwaka 1982 Walter Tichy wa Chuo Kikuu cha Purdue alitoa RCS. Hiyo iliweka toleo la mwisho likiwa kamili, na kwa yaliyotangulia iliweka tofauti za kurudi nyuma, kwa sababu toleo litakiwalo mara nyingi ni lile la karibuni. Hizo zote mbili zilishughulika na faili moja moja.

Baadaye zilikuja CVS, iliyoanzwa na Dick Grune mwaka 1986, na Subversion, iliyoanzwa mwaka 2000. Kwa hizo watu wengi waliweza kushirikiana katika kazi moja, lakini kwa kawaida historia yote ilikaa katika kompyuta moja ya kati. Asiyeweza kuifikia kompyuta hiyo hakuweza kutia toleo.

Git ilizaliwa Aprili 2005. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliitunga baada ya watunga Linux kunyimwa matumizi ya bure ya BitKeeper, programu waliyokuwa wameitegemea tangu mwaka 2002. Katika Julai ya mwaka huo huo alimkabidhi Junio Hamano usimamizi wake. Katika Git kila mshiriki huwa na historia nzima ndani ya kompyuta yake, hivyo aweza kutia matoleo hata mahali pasipo na intaneti. Kwa mtafiti anayekaa kijijini kwa miezi akikusanya lugha, jambo hilo si dogo.

4. Jinsi Git ifanyavyo kazi

Mwanafunzi huanza kwa kufungua folda ya kazi yake na kuandika amri git init. Hapo Git huunda ndani ya folda ile ghala lililofichika, ambamo matoleo yote yatakaa. Kabla ya toleo la kwanza hana budi pia kuiarifu Git jina lake na anwani yake ya barua pepe, kwa kuwa kila toleo litabeba vitu hivyo.

Tangu hapo kazi ina mahali patatu. Pa kwanza ni folda yenyewe, ambamo mwanafunzi huandika na kufuta apendavyo. Pa pili ni mahali pa matayarisho, ambako huchaguliwa mabadiliko yatakayoingia katika toleo lijalo. Amri yake ni git add. Pa tatu ni ghala, na amri ya kutia toleo humo ni git commit.

Wanaoanza huuliza mara nyingi kwa nini mahali pa pili pawepo. Sababu yake ni kwamba mtu akifanya kazi hugusa mambo mengi kwa pamoja. Huenda amerekebisha kanuni ya viambishi na wakati huo huo amesahihisha tahajia katika maelezo. Kwa matayarisho aweza kutia lile la kwanza peke yake, kisha la pili peke yake, na historia ikasomeka vizuri. Mpishi naye hupanga sahani katika sinia kabla ya kutoka jikoni. Hatoi kila kilichomo jikoni kwa sababu tu kipo.

Toleo likiisha kutiwa, hupewa utambulisho wa alama 40, zilizo mchanganyiko wa tarakimu 0 hadi 9 na herufi a hadi f. Alama hizi hazichaguliwi na mtu. Hutokana na hesabu iitwayo SHA-1, inayofanywa juu ya yaliyomo katika toleo, jina la mwandishi, tarehe, maelezo, na utambulisho wa toleo lililotangulia. Nukta moja ikibadilishwa, alama hubadilika. Na kwa kuwa kila toleo linabeba alama ya lililotangulia, kubadili toleo la zamani hubadili alama za yote yaliyofuata. Idadi ya beti mwishoni mwa utenzi ilifanya kazi ya jamii hii kwa njia nyepesi zaidi. Yapasa kuongeza kwamba alama hizo hulinda yaliyomo tu; hazithibitishi kwamba jina lililoandikwa ni la kweli.

Amri tatu nyingine zatosha kwa siku za mwanzo. Amri ya git status huonyesha kilichobadilika na kilichotayarishwa. Amri ya git diff huonyesha mistari yenyewe: iliyoondolewa hutanguliwa na alama ya kutoa, na iliyoongezwa hutanguliwa na alama ya kujumlisha. Amri ya git log huorodhesha matoleo yote, kuanzia la mwisho mpaka la kwanza.

5. Mfano wa programu ya kuchambua vitenzi

Faida ya haya yote haionekani wazi mpaka yatumiwe. Na tuchukue mfano wa mwanafunzi anayetunga programu ya kutenga viambishi vya kitenzi cha Kiswahili.

Katika toleo la kwanza programu inatenga kiambishi cha mtendaji na cha wakati: neno anasoma linatoka a-na-som-a. Mwanafunzi analitia ghalani. Katika toleo la pili anaongeza kiambishi cha mtendwa: anakisoma linatoka a-na-ki-som-a, na anakupenda linatoka a-na-ku-pend-a, ambapo -ku- ni wewe.

Kisha anaijaribu programu kwa neno anakula, na mashine inajibu kwamba -ku- hapo ni mtendwa, kana kwamba mtu huyo anamla msomaji. Kosa hili si la kipuuzi. Vitenzi vyenye mzizi mfupi, kama -la, -nywa, -ja na -fa, hubeba ku- ya kitenzi-jina katika nyakati fulani, na ku- hiyo yafanana kabisa na ile ya mtendwa. Mwanafunzi, akiwa na haraka, anaandika kanuni kwamba kila -ku- inayofuata -na- ni ya kitenzi-jina. Anajaribu anakula, anakunywa na anakuja. Yote yanatoka sawa. Anatia toleo la tatu na kuendelea na mambo mengine: ukanushi, kauli ya kutendwa, vishazi rejeshi.

Baada ya matoleo 30 na zaidi anagundua kwamba programu haitambui tena anakupenda wala anakuona. Asiye na matoleo angeanza kusoma mistari yake yote kwa kubahatisha, na huenda angeiharibu kanuni ya ukanushi ambayo haina kosa lolote. Mwenye matoleo anayo njia. Anajua kwamba toleo la pili lilikuwa sawa na la mwisho lina kosa. Anachukua lililo katikati na kulijaribu kwa neno anakupenda. Likiwa na kosa, chanzo ki katika nusu ya kwanza. Likiwa sawa, chanzo ki katika nusu ya pili. Anagawa tena, na tena. Kwa njia hii matoleo 32 yahitaji majaribio 5 tu, na matoleo 1,000 yahitaji kama 10. Git ina amri ya kumwongoza katika kazi hiyo, nayo ni git bisect.

Majaribio yanamfikisha kwenye toleo la tatu. Hapo git diff inamwonyesha mstari wenyewe, na maelezo aliyoyaandika siku ile yanamkumbusha alitaka nini. Sasa aweza kuirekebisha kanuni pasipo kulipoteza lengo lake la kwanza: -ku- ihesabiwe kuwa ya kitenzi-jina pale tu inapofuatwa na mzizi mfupi ulio katika orodha. Akijaribu anakupa, atakuta jambo jingine: mzizi -p- ni mfupi pia, lakini kitenzi hiki hakikosi mtendwa, na -ku- hapo ni wewe. Hivyo -pa hauingii katika orodha. Na neno anakula lenyewe hubaki na utata, kwa sababu simba akimla mtu, -ku- yaweza kuwa wewe kweli. Hapo ni sentensi nzima ndiyo itakayokata shauri.

Ni dhahiri kwamba historia ya programu hii imekuwa pia historia ya uchambuzi wa sarufi. Kila toleo ni dai juu ya Kiswahili, na kila rekebisho ni ushahidi uliolipinga dai lililotangulia. Kazi ya kuchambua Kiswahili kwa kompyuta, kama ile aliyoianza Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki katika miaka ya 1980, huendelea kwa miaka mingi, na kanuni hurundikana juu ya kanuni. Mrithi wa kazi kama hiyo akipewa msimbo pasipo historia, hukuta masharti mengi asiyoyajua sababu yake, akaogopa kuyagusa, au akayafuta na kulifufua kosa la zamani.

6. Maelezo ya toleo

Kwa sababu hiyo maneno machache yanayoandikwa wakati wa kutia toleo yana uzito mkubwa. Git haikubali kwa kawaida toleo lisilo na maelezo, lakini haiwezi kuzuia maelezo yasiyo na maana. Aandikaye "mabadiliko" au "marekebisho mengine" hajasema lolote, kwani kila toleo ni badiliko.

Desturi ya watumiaji wa Git ni kuandika mstari wa kwanza mfupi, usiozidi herufi 50 hivi, kisha mstari mtupu, kisha maelezo marefu ikiwa yanahitajika. Mstari wa kwanza hutaja jambo lililofanyika. Maelezo hutaja sababu. Jinsi badiliko lilivyofanyika halina haja ya kuelezwa sana, maana git diff italionyesha.

Waandikao kwa Kiingereza wamezoea kauli ya kuamrisha. Katika Kiswahili kauli hiyo yaweza kusikika kama amri kwa msomaji. Kitenzi-jina hufaa zaidi, nacho kimezoeleka katika vichwa vya habari: "Kutenga ku- ya vitenzi vifupi", "Kuondoa -pa katika orodha ya mizizi". Kauli ya nimetenga au nimeondoa si kosa, ila inamtaja mtendaji ambaye jina lake limekwisha andikwa. Lililo kubwa ni kushika mtindo mmoja, na kuandika kwa lugha ambayo wenzi wa kazi wataisoma bila taabu.

Ama kuhusu ukubwa wa toleo, kipimo chepesi ni hiki: ikiwa maelezo yanahitaji neno "pia" au "vilevile", huenda matoleo mawili yametiwa kama moja. Na ikiwa mwandishi hawezi kueleza badiliko kwa sentensi moja, yafaa ajiulize kama analielewa.

7. Matawi na migongano

Mara nyingine mwanafunzi hutaka kujaribu jambo asilokuwa na hakika nalo, kwa mfano kubadili namna nzima ya kuhifadhi mizizi. Akilifanya katika mfuatano ule ule wa matoleo, huiweka hatarini programu inayofanya kazi. Git humruhusu kufungua tawi, yaani mfuatano wa pili unaotoka katika toleo fulani na kwenda njia yake. Amri git switch -c, ikifuatwa na jina, hufungua tawi jipya. Jaribio likifaulu, tawi huunganishwa na shina kwa git merge. Lisipofaulu, huachwa, na shina halijaguswa.

Wakati wa kuunganisha, Git hupatanisha yenyewe mabadiliko yaliyo mahali mbalimbali. Lakini ikiwa mstari ule ule umebadilishwa kwa njia mbili, hutokea mgongano. Git huandika kauli zote mbili ndani ya faili, moja juu ya nyingine, zikitengwa kwa alama, na kungoja mtu achague. Wanaoanza hutishwa na jambo hili wakidhani kwamba wameharibu kitu. Ukweli ni kwamba mashine imekiri haina haki ya kuamua. Hata mhariri wa miswada, nakala zikikhitilafiana, huziweka kauli zote mbili mbele yake kabla ya kuhukumu.

8. Kurudi nyuma, na mambo ya kujihadhari

Kurudi nyuma kuna namna tatu, na kuzichanganya huleta hasara. Amri ya git restore, ikifuatwa na jina la faili, hutupa mabadiliko ambayo hayajatayarishwa wala kutiwa ghalani. Yakiisha kutupwa, Git haiwezi kuyarudisha. Amri ya git revert hutia toleo jipya linalotengua toleo fulani la zamani. Historia yote hubaki, pamoja na kosa na tengulizi lake, na kwa anayeanza hii ndiyo njia ya salama. Amri ya git reset --hard hulirudisha tawi nyuma kwa nguvu na kufuta mabadiliko yasiyotiwa. Matoleo yaliyoachwa kwa njia hiyo aghalabu yaweza kupatikana kwa muda kwa amri ya git reflog, lakini yale ambayo hayakuwahi kutiwa hayapo popote. Kanuni inayotokana na haya ni fupi: kabla ya kujaribu lolote la hatari, tia toleo kwanza.

Kuna pia vitu visivyofaa kuingia ghalani. Nywila ikiisha kutiwa, kuifuta katika toleo lijalo hakusaidii, kwa maana toleo la zamani bado linayo. Hapana budi nywila yenyewe ibadilishwe. Rekodi za sauti nazo hulifanya ghala kuwa zito, na GitHub, ambayo ni huduma ya kuweka maghala katika intaneti iliyoanza mwaka 2008, haipokei kwa njia ya kawaida faili linalozidi megabaiti 100. Zaidi ya uzito kuna amana. Mtafiti aliyerekodi mazungumzo ya wazee nyumbani kwao amepewa maneno yao kwa kazi maalumu. Majina yao na sauti zao zikitangazwa pamoja na programu, hazitarudi tena. Majina ya mafaili ya namna hiyo huandikwa katika faili liitwalo .gitignore, na Git haitayatia ghalani, mradi yawe yameandikwa humo kabla ya kutiwa. Akiba ya rekodi hizo iwekwe kwa njia nyingine.

Mwisho, ghala lenyewe lahitaji akiba. Amri ya git push hupeleka matoleo kwenye ghala la mbali, liwe katika intaneti au katika diski nyingine. Ghala la mbali laweza kuwa la siri au la wazi, na uamuzi huo yafaa ufanywe kwa kusudi, wala si kwa kubonyeza pasipo kusoma.

9. Hitimisho

Anayeanza hahitaji kujua amri zote za Git, ambazo ni nyingi mno. Akijua kuunda ghala, kutayarisha, kutia toleo, kusoma historia na kupeleka akiba, amepata ya kumtosha kwa mwaka wake wa kwanza. Lakini hana budi kuyatenga akilini matendo manne yaliyotajwa mwanzoni. Kila aonapo neno Hifadhi, ajiulize: je, nimeandika diskini tu, nimetia toleo, nimeweka akiba, au nimetangaza?

Kwa upande wa wataalamu wa lugha, kazi iliyobaki ni kuyapa matendo hayo majina yaliyotulia, ili vitabu vya kufundishia visiyaite yote kwa jina moja. Maneno kutia toleo, ghala, tawi, kuunganisha, mgongano na akiba yamo tayari katika Kiswahili, na kila mtu huyaelewa. Yanahitaji kupatanishwa tu. Programu nyingi za kukihudumia Kiswahili zimo mikononi mwa watu wachache, na nyingine zimo mikononi mwa mtu mmoja tu. Akihitimu, akihama au akifariki, kitakachomwezesha mwingine kuishika kazi pale ilipoachwa ni matoleo yaliyotiwa vema, yenye maelezo yasomekayo, katika ghala ambalo nakala yake iko mahali pengine.